Kuunganisha Foleni ya Ujumbe na Hifadhidata ya Mtandaoni: Malipo Yasipotee, Yasijirudie

Foleni ya ujumbe ni programu inayopokea taarifa fupi kutoka upande mmoja wa mfumo, kuzitunza kwa mpangilio, na kuzitoa kwa upande mwingine pale unapokuwa tayari kuzipokea. Hifadhidata ya mtandaoni ni ile inayofikiwa kupitia intaneti, mara nyingi PostgreSQL au MySQL iliyokodishwa kwenye seva za kampuni kama Amazon au Google. Viwili hivi havijuani. RabbitMQ haina habari ya majedwali, wala PostgreSQL haikai ikisikiliza foleni. Kinachoviunganisha ni programu ndogo ya tatu, ambayo katika mwongozo huu itaitwa mchukuzi: huchukua ujumbe kwenye foleni, huuandika kwenye hifadhidata, kisha hurudi kuiarifu foleni kwamba mzigo umefika.

Hitilafu nyingi za muunganisho huu hutoka kwa mchukuzi, nazo ni za aina mbili. Ama amefuata mpangilio mbaya wa hatua zake, ama hifadhidata haikuandaliwa kwa siku ambayo ataleta ujumbe uleule mara ya pili. Na siku hiyo huja.

Mfano utakaofuatwa hapa ni duka la mtandaoni nchini Kenya linalolipwa kwa M-Pesa kupitia Daraja, API ambayo Safaricom iliizindua mwaka 2017. Mteja akibonyeza kulipa, simu yake huletewa ombi la kuweka PIN. Akimaliza, au akighairi, seva za Safaricom hutuma taarifa ya matokeo kwenye anwani ya wavuti iliyotajwa na duka. Foleni itakuwa RabbitMQ, na hifadhidata itakuwa PostgreSQL.

Kwa nini foleni iwekwe katikati

Ukurasa unaopokea taarifa za malipo unaweza kuandika moja kwa moja kwenye hifadhidata, na katika siku za kawaida utafanya kazi vizuri. Shida ni dakika tatu ambazo hifadhidata inafanyiwa matengenezo, au mtandao kati ya seva mbili umekatika. Mteja amekatwa fedha, taarifa imeletwa, na haikupata pa kukaa. Foleni iliyo karibu na ukurasa huo huitunza taarifa mpaka hifadhidata irudi.

Sababu ya pili ni msongamano. Mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, malipo ya saa nzima yanaweza kufika ndani ya dakika chache. Foleni huyaacha yajipange, na mchukuzi huyaandika kwa kasi ambayo hifadhidata inaimudu.

Duka dogo halihitaji haya yote. Tangu PostgreSQL 9.5, iliyotoka Januari 2016, jedwali la kawaida linaweza kutumika kama foleni kwa amri ya `SELECT ... FOR UPDATE SKIP LOCKED`, ambayo humruhusu kila mchukuzi kushika mstari wake bila kugongana na mwenzake. RabbitMQ ni seva nyingine ya kulinda, kusasisha na kuamkia usiku; isiongezwe kwa sababu tu mifumo mikubwa inayo. Faida ambayo jedwali haliwezi kutoa ni moja: hifadhidata ikizimika, jedwali nalo limezimika.

Kanuni inayobeba muunganisho wote

Mchukuzi ana mambo mawili ya kufanya kwa kila ujumbe: kuuandika kwenye hifadhidata, na kutuma uthibitisho kwa foleni ili ujumbe ufutwe. Umeme unaweza kukatika katikati ya hayo mawili, na hakuna namna ya kuyafanya kwa pigo moja, kwa kuwa yako kwenye seva tofauti.

Akithibitisha kwanza kisha akazimika, foleni imeshafuta ujumbe na hifadhidata haina kitu. Malipo yamepotea. Akiandika kwanza kisha akazimika, foleni bado inao ujumbe, nayo itampa mchukuzi atakayefuata. Malipo yatajaribu kuandikwa mara mbili. Marudio yanaweza kugunduliwa na kukataliwa; kilichopotea hakina wa kukigundua. Kwa hiyo uandishi hutangulia, uthibitisho hufuata, na kazi ya kukataa marudio hupewa hifadhidata.

Maktaba nyingi za RabbitMQ zina chaguo la uthibitisho wa papo hapo, ambapo ujumbe hufutwa mara tu unapotumwa kwa mchukuzi. Mifano ya mafunzo hupenda kulitumia kwa sababu hupunguza mistari ya programu. Kwenye malipo chaguo hilo lizimwe.

Hatua ya 1: Kuandaa jedwali

Swali la kwanza ni utambulisho: kitu gani kinaonyesha kwamba taarifa mbili ni malipo yaleyale? Jibu linalokuja haraka ni namba ya risiti ya M-Pesa, `MpesaReceiptNumber`. Jibu hilo lina pengo. Risiti huwepo tu malipo yakifanikiwa. Mteja akighairi, taarifa huja na `ResultCode` 1032, bila risiti wala kiasi. Kitambulisho kilichopo katika hali zote mbili ni `CheckoutRequestID`, ambacho duka hupewa wakati linapoomba malipo.

```
CREATE TABLE malipo (
  ombi_id      text PRIMARY KEY,
  oda_id       bigint NOT NULL,
  msimbo       integer NOT NULL,
  risiti       text UNIQUE,
  kiasi        numeric(12,2),
  muda         timestamptz,
  ujumbe_asili jsonb NOT NULL,
  uliingia     timestamptz DEFAULT now()
);
```

Safu ya `risiti` ni ya kipekee lakini inaruhusiwa kuwa tupu. PostgreSQL haihesabu nafasi mbili tupu kuwa marudio. Kiasi kimewekwa kwa aina ya `numeric`, kwa kuwa namba za desimali zinazoelea huacha mabaki ya senti yanayomsumbua mhasibu. Taarifa nzima jinsi ilivyofika hutunzwa kwenye `ujumbe_asili`: siku hitilafu ikigunduliwa kwenye programu, malipo ya nyuma yanaweza kusomwa upya kutoka hapo.

Safu ya `muda` inahitaji uangalifu. `TransactionDate` huja kama tarakimu kumi na nne zilizofuatana, kuanzia mwaka hadi sekunde, bila alama ya ukanda wa saa. Seva ya mtandaoni kwa kawaida huendeshwa kwa UTC, saa tatu nyuma ya Nairobi. Mchukuzi asipoitaja `Africa/Nairobi` waziwazi, malipo yote yatasomeka kuwa ya saa tatu mbele, na yale ya saa tano usiku yatahamia kwenye hesabu ya kesho.

Hatua ya 2: Kuandaa foleni

1. Foleni iundwe kama inayodumu, na kila ujumbe utumwe ukiwa umewekewa alama ya kudumu. Moja bila nyingine haitoshi: foleni inayodumu iliyojaa jumbe zisizodumu hubaki tupu seva ikiwashwa upya.
2. Penye seva tatu za RabbitMQ, zitumike foleni za aina ya `quorum`, zilizoletwa na toleo la 3.8 mwaka 2019. Aina hii hunakili kila ujumbe kwenye seva zaidi ya moja.
3. Iundwe foleni ya pili, ya kando, na foleni kuu ielekezwe kuitumia kwa jumbe zilizokataliwa.
4. Ukurasa unaopokea taarifa uwashe uthibitisho wa mtumaji. Usiijibu Safaricom kuwa taarifa imepokelewa kabla RabbitMQ haijasema imeutunza ujumbe.
5. Mtumiaji `guest`, ambaye RabbitMQ huja naye, aondolewe. Kila programu ipewe jina na nywila yake: ukurasa uruhusiwe kuandika tu, mchukuzi kusoma tu.

Kipengele cha tatu hapo juu, foleni ya kando, huahirishwa mara nyingi kuliko vyote, na madhara yake huonekana kwa kuchelewa. RabbitMQ 4.0 huweka yenyewe kikomo cha kurudisha ujumbe mara 20 kwenye foleni za `quorum`. Ujumbe uliofikia kikomo huhamishiwa foleni ya kando. Pasipo foleni ya kando, hufutwa.

Hatua ya 3: Kumwandika mchukuzi

Lugha haina uzito hapa. Python, Node.js, PHP, Java na Go zote zina maktaba za pande zote mbili. Utaratibu ni huu:

1. Afungue muunganisho mmoja na hifadhidata na mmoja na foleni, avitumie muda wote wa uhai wake.
2. Aweke kikomo cha jumbe anazoweza kushika kwa pamoja, kwa mfano 20. Pasipo kikomo, RabbitMQ humpelekea foleni nzima, na kumbukumbu ya seva yake hujaa.
3. Asome ujumbe na kukagua kwamba una sehemu zote zinazohitajika.
4. Atafute `CheckoutRequestID` kwenye jedwali la maombi ambayo duka lenyewe lilituma, apate namba ya oda.
5. Afungue muamala wa hifadhidata na kuandika:

```
BEGIN;
INSERT INTO malipo
  (ombi_id, oda_id, msimbo, risiti, kiasi, muda, ujumbe_asili)
VALUES ($1, $2, $3, $4, $5, $6, $7)
ON CONFLICT (ombi_id) DO NOTHING
RETURNING ombi_id;

UPDATE oda SET hali = 'imelipwa'
WHERE id = $2 AND hali = 'inasubiri';
COMMIT;
```

6. Amri ya `UPDATE` itumwe tu ikiwa `INSERT` imerudisha mstari na msimbo ni 0. Isiporudisha mstari, taarifa hii ilishaandikwa, na hakuna cha kubadilisha.
7. `COMMIT` ikifanikiwa, ndipo uthibitisho utumwe kwa foleni. Marudio nayo yathibitishwe, la sivyo yatazunguka bila mwisho.

Kipengele cha nne hapo juu kinaonekana kama utafutaji wa kawaida, kumbe ndicho kinga dhidi ya utapeli. Anwani inayopokea taarifa iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeijua anaweza kutuma ujumbe unaodai kuwa oda imelipwa. Taarifa isiyolingana na ombi lililotumwa na duka isiguse oda yoyote. Kiasi nacho kilinganishwe na kilichoombwa, na penye shaka Daraja iulizwe moja kwa moja hali ya ombi hilo.

Sharti la `hali = 'inasubiri'` lina kazi yake. Wachukuzi wawili wakifanya kazi pamoja, mpangilio wa foleni hauna dhamana tena: taarifa iliyoingia nyuma inaweza kuandikwa mbele. Oda iliyokwisha kurejeshewa fedha isigeuzwe kuwa imelipwa kwa sababu tu ujumbe wa zamani umechelewa.

> TAHADHARI: Kazi za nje ndani ya muamala
> Kutuma SMS, barua pepe au ombi kwa mfumo mwingine kusifanywe kati ya `BEGIN` na `COMMIT`. SMS haiwezi kurudishwa muamala ukishindikana, na huduma ya nje ikichelewa, mistari ya hifadhidata hubaki imefungwa. Kazi hizo ziwekwe kwenye foleni yake baada ya uandishi kukamilika.

Hatua ya 4: Kutofautisha makosa

Mchukuzi anayejibu makosa yote kwa namna moja ndiye chanzo cha usiku mrefu. Akirudisha kila ujumbe ulioshindikana, ujumbe mmoja mbovu utazunguka maelfu ya mara na kuzizuia zilizo salama. Akitupa kila ulioshindikana, hifadhidata ikizimika dakika moja atakuwa ametupa malipo ya dakika moja.

PostgreSQL hutaja kila kosa kwa msimbo wa herufi tano, na huo ndio wa kufuatwa, si maneno ya kosa yanayoweza kubadilika.

*Makosa ya kusubiri.* Misimbo inayoanza na 08 ina maana muunganisho umekatika. 53300 ni miunganisho imejaa. 40001 na 40P01 ni miamala miwili iliyogongana. Ujumbe hauna kosa, ujaribiwe tena. Kundi hili linajumuisha pia hali moja isiyo na msimbo: ombi halijaonekana kwenye jedwali la maombi kwa sababu matokeo yamewahi kufika kabla ukurasa haujamaliza kuliandika. Ujumbe ujaribiwe mara chache, kisha upelekwe kando.

*Makosa ya kudumu.* 22P02 ni thamani isiyosomeka, kwa mfano herufi mahali pa namba. 23502 ni sehemu ya lazima iliyo tupu. 23505 ni marudio kwenye ufunguo wa kipekee. Kwa kuwa `ON CONFLICT` hapo juu inahusu `ombi_id` pekee, msimbo huu utatokea risiti moja ikiletwa chini ya maombi mawili tofauti, jambo linalostahili kutazamwa na mtu. Jumbe hizi zikataliwe bila kurudishwa, ziende foleni ya kando.

Mtego mkubwa uko kwenye kundi la kwanza. Hifadhidata ikizimika, mchukuzi mwenye haraka huurudisha ujumbe, hupewa tena papo hapo, huurudisha tena, na mizunguko 20 huisha ndani ya sekunde chache. Ujumbe usio na kosa lolote umefikia kikomo. Muunganisho unapokatika, mchukuzi aendelee kuushika ujumbe mkononi na kujaribu hifadhidata kwa vipindi vinavyorefuka: sekunde 1, 2, 4, 8, mpaka 60. RabbitMQ kwa chaguo lake la awali husubiri uthibitisho kwa dakika 30. Muda huo ukipita, hukata njia ya mawasiliano na kuurudisha ujumbe kwenye foleni, bila kuupoteza.

Kusubiri huko kusiizuie maktaba kupiga mapigo ya uhai, ambayo RabbitMQ hupendekeza yawe na kikomo cha sekunde 60. Maktaba ya `pika` ya Python, katika umbo lake rahisi, haipigi mapigo programu ikiwa imelala kwa `sleep`. Iambiwe isubiri kwa njia yake yenyewe, la sivyo muunganisho utakatwa na logi zitailaumu foleni.

Hatua ya 5: Umbali na idadi ya miunganisho

PostgreSQL huanza na kikomo cha miunganisho 100, na hifadhidata ndogo za kukodi mara nyingi huwa na pungufu ya hapo. Tovuti, ripoti na wachukuzi wote hugawana idadi hiyo. Kufungua muunganisho mpya kwa kila ujumbe ni kosa la wengi, na gharama yake huonekana siku ya msongamano. Wachukuzi wakizidi, PgBouncer iwekwe mbele ya hifadhidata ili miunganisho michache itumiwe kwa zamu.

Umbali huumiza zaidi. Tuseme mchukuzi yuko Nairobi na hifadhidata iko Frankfurt, na kila safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 150. Muamala wa hapo juu una amri nne, hivyo malipo moja yanachukua milisekunde 600, na mchukuzi mmoja hafikishi mawili kwa sekunde. Kuongeza nguvu ya seva hakutabadilisha chochote, kwa sababu muda unatumika njiani. Dawa ni kumweka mchukuzi katika kituo kilekile chenye hifadhidata na kuiacha foleni ibebe umbali, au kuchagua kituo kilicho karibu. Amazon ilifungua cha Cape Town mwaka 2020.

Njia nyingine ni kuandika jumbe 50 au 100 katika muamala mmoja na kuzithibitisha kwa pamoja. Kasi hupanda sana, ila ujumbe mmoja mbovu huangusha kundi zima. Kundi likishindikana, mchukuzi alirudie kwa kuandika ujumbe mmoja mmoja ili aupate ulio mbovu.

Mawasiliano yote yasimbwe. Kwa RabbitMQ ni poti 5671 badala ya 5672. Kwa PostgreSQL, `sslmode` iwe `verify-full`. Thamani ya `require` husimba bila kuhakikisha kwamba seva ya upande wa pili ndiyo yenyewe.

> KWA WANAOTUMIA FOLENI NYINGINE
> Amazon SQS: ujumbe uliochukuliwa hufichwa kwa sekunde 30 kwa chaguo la awali, kisha huonekana tena kwa wengine. Uandishi unaoweza kuchukua muda mrefu zaidi urefushiwe kipindi hicho. Kufuta ujumbe ndiko kuthibitisha.
> Apache Kafka: iliyoanzia LinkedIn, haifuti ujumbe uliosomwa, mchukuzi huweka alama ya mahali alipofika. `enable.auto.commit` izimwe, na alama iwekwe baada ya `COMMIT` ya hifadhidata.
> Kwa zote mbili jedwali na ufunguo wake wa kipekee hubaki kama vilivyo.

Hatua ya 6: Kujaribu kwa kuharibu

Muunganisho uliojaribiwa katika hali nzuri pekee haujajaribiwa. Majaribio yafuatayo yafanywe kwenye mazingira ya majaribio, si kwenye duka lenyewe:

☐ Ujumbe uleule utumwe mara mbili. Jedwali liwe na mstari mmoja, foleni iwe tupu.
☐ Mchukuzi auawe kwa `kill -9` baada ya `COMMIT` na kabla ya uthibitisho (usingizi wa sekunde kumi uliowekwa hapo kwa muda utasaidia). Akiwashwa tena, jedwali lisibadilike.
☐ Hifadhidata izimwe dakika kumi huku jumbe zikiendelea kuingia. Ikirudi, zote ziandikwe na foleni ya kando ibaki tupu.
☐ Utumwe ujumbe wenye herufi mahali pa kiasi. Uende kando, na jumbe zinazoufuata zisikwame.
☐ RabbitMQ iwashwe upya ikiwa na jumbe ndani. Idadi isipungue.
☐ Utumwe ujumbe wenye `CheckoutRequestID` ya kubuni. Oda yoyote isiguswe.

Upande wa pili: kutoka hifadhidata kwenda foleni

Safari ya kurudi ina tatizo lilelile. Oda ikishalipwa, ghala linahitaji kuarifiwa kupitia foleni. Programu ikiandika kwenye hifadhidata kisha ikatuma kwenye foleni, inaweza kuzimika katikati na ghala lisijue kitu. Suluhisho ni jedwali la jumbe zinazosubiri kutoka: ujumbe wa ghala huandikwa humo ndani ya muamala uleule unaobadilisha oda, na mchukuzi mwingine huusoma, huutuma, husubiri RabbitMQ ithibitishe, kisha huutia alama. Debezium hufanya kazi hii kwa kusoma kumbukumbu za mabadiliko za PostgreSQL, lakini huhitaji uangalizi wake. Kwa duka moja, mchukuzi anayechungulia jedwali kila sekunde hutosha.

Uangalizi wa kila siku

Ukurasa wa usimamizi wa RabbitMQ, kwenye poti 15672, huonyesha jumbe zinazosubiri na zile zilizo mikononi mwa wachukuzi. Urefu wa foleni peke yake hudanganya: jumbe elfu zinazopungua si tatizo, jumbe tatu zisizosogea ni tatizo. Kengele iwekwe kwenye umri wa ujumbe wa zamani kuliko wote, na nyingine kwenye foleni ya kando mara tu inapopata ujumbe wa kwanza. Kila ujumbe wa kando upewe mtu wa kuusoma, kurekebisha chanzo, na kuurudisha kwenye foleni kuu. Ufunguo wa kipekee hufanya kurudisha huko kuwe salama hata kama ulishaandikwa.

Safu ya `ujumbe_asili` na foleni ya kando zote hubeba namba za simu za wateja. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinataka taarifa binafsi zisitunzwe kupita muda wa matumizi yake. Mwenye duka aamue muda huo pamoja na mhasibu wake, na kazi ya kila usiku ifute namba ya simu ndani ya `ujumbe_asili` muda ukifika, ikibakiza risiti, kiasi na tarehe.